Jinsi ya kuipigia debe gemu ya RPG ambayo haijapata wachezaji

Gemu za RPG, yaani zile ambazo mchezaji anakuwa mhusika na kuifuata hadithi ndefu, zikitengenezwa na mtu mmoja chumbani kwake mara nyingi hazikosi wachezaji kwa ubaya wake. Zinakosa wa kuzisemea. Mwaka 2023 peke yake Steam, duka la gemu la mtandaoni, iliingiza gemu mpya zaidi ya 14,000, na hapo hatujagusa tovuti ya itch.io, ambako kupandisha gemu ni bure na yeyote anapandisha. Kijana wa Mbale anayejenga yake usiku kwa RPG Maker, programu ya kutengenezea gemu hizi, baada ya kutoka kazini anaitumbukiza kwenye wingi huo, anapata wapakuaji wachache wiki ya kwanza, kisha kimya.

RPG ina tabu ya ziada. Gemu ya mbio za magari mtu anaielewa kwa kuitazama tu. RPG inaanza polepole: kijiji, mazungumzo, mzee anayekukabidhi upanga, na utamu wenyewe unakuja mchezaji akishawazoea wahusika. Kwa hiyo usihangaike sana na idadi ya wanaobofya. Mtafute anayemaliza, maana ndiye atakayemwambia mwenzake. Watu hamsini waliofika mwisho wataifikisha gemu mbali kuliko elfu moja walioifungua wakaifunga.

Nimekuandikia wewe uliyekutana na gemu ya namna hiyo, ukaipenda, na inakuuma kuona hakuna anayeijua. Mtengenezaji naye anaweza kuzifuata hatua hizi, lakini mtu wa pembeni ana nguvu asiyokuwa nayo mwenye mali. Mwenye mali akijisifia, watu hupita. Jirani akisifia, watu husimama kusikiliza.

Na kazi hii huzaa matunda kweli. Yume Nikki, iliyotengenezwa kwa RPG Maker 2003 na mtu anayejiita Kikiyama, ilitoka Japani mwaka 2004 bila tangazo lolote. Waliieneza wachezaji, wakaitafsiri wenyewe. OFF ilitoka kwa Kifaransa mwaka 2008, kazi ya Mbelgiji anayejiita Mortis Ghost, na kwa miaka kadhaa ikajulikana na wachache tu. Mashabiki walipoitafsiri kwa Kiingereza ndipo ikalipuka, na mwaka 2025 ikatolewa upya ikiuzwa. Hakuna aliyewalipa mashabiki hao wa mwanzo.

Hatua ya kwanza: imalize wewe, ukiwa na daftari

Usiipigie debe gemu uliyoicheza nusu. Icheze mpaka mwisho, na unapocheza andika mambo matatu tu. Ni dakika ya ngapi ulipojisikia kwamba sasa huwezi kuiacha? Ni wapi ulikwama au ulichoka? Ni mstari gani wa mazungumzo, au pambano gani, uliotaka kumwonyesha mtu palepale?

Majibu hayo yatakuambia kama gemu inafaa kusemewa, na aambiwe nani. Gemu yenye mapambano magumu ya zamu ina watu wake, na yenye hadithi ya kuliza ina watu wengine kabisa. To the Moon ya mwaka 2011, iliyojengwa kwa RPG Maker XP, karibu haina mapambano na inamalizika kwa saa chache. Ungempa mtu anayetafuta vita angeitupa, na walioipenda waliipenda kwa hadithi. Basi jiulize mapema: mtu wangu ni yupi? Kama jibu lako ni "kila mtu," rudi kwenye daftari.

Hatua ya pili: zungumza na mwenye gemu

Hili halichukui muda, lakini usiliruke. Mwandikie kwa adabu, ujitambulishe, umtajie sehemu uliyoipenda kwa jina lake ili ajue umecheza kweli. Kisha muulize mambo yanayohitaji ruhusa yake: je, naweza kuwapa watu faili lenyewe mkononi, au niwaelekeze kwenye ukurasa tu? Naweza kurekodi video? Naweza kutafsiri? Nikikuletea malalamiko ya wachezaji, utayapokea?

Hilo la mwisho ndilo kubwa. Wengine wameshaichoka gemu yao na hawataki kuifungua tena. Ukijua hivyo, utaisifu jinsi ilivyo bila kuahidi marekebisho.

Muulize pia picha na muziki vimetoka wapi. Picha zinazokuja na RPG Maker zina masharti yake ya matumizi, na wimbo wa msanii wa Kampala uliochukuliwa bila ruhusa utaleta matata siku gemu itakapojulikana. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inamlinda msanii huyo, na inamlinda mwenye gemu vilevile. Ni afadhali wimbo ubadilishwe wakati bado wachezaji ni wachache.

Hatua ya tatu: ifanye iingie kwenye simu ya mtu wa kawaida

Hapa ndipo gemu nyingi za kwetu hukwama, na hapa ndipo nakusihi utumie muda mwingi kuliko pengine popote. Mtengenezaji alikuwa na kompyuta. Wachezaji wengi unaowataka wana Tecno au Itel yenye nafasi kidogo, wananunua bando la siku, na bando hilo lina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, ulipoondolewa ule ushuru wa shilingi 200 kwa siku wa mitandao ya kijamii. Ukimwambia mtu apakue faili la megabaiti 400 ili ajaribu kitu asichokijua, umemwomba pesa kabla hajaonja.

Anza kwa kujua gemu imejengwa kwa chombo gani. RPG Maker MV ya mwaka 2015 na MZ ya 2020 zinatumia JavaScript, lugha ya programu inayoeleweka na vivinjari, kwa hiyo gemu zake zinaweza kuchezwa ndani ya kivinjari, na zinapokea kidole kwenye kioo bila kuongezwa chochote: unagusa mahali, mhusika anakwenda. Toleo la Windows la gemu hizo huwa zito kwa sababu hubeba kivinjari kizima ndani yake. Kwa hiyo mwombe mwenye gemu atoe toleo la wavuti alipandishe itch.io lichezwe palepale kwenye ukurasa.

Kuna mtego mmoja hapo. itch.io haikubali gemu ya kivinjari yenye mafaili zaidi ya 1,000 wala inayozidi megabaiti 500 ikishafunguliwa, na mradi wa MV uliojaa picha za kawaida zisizotumika unavuka idadi hiyo ya mafaili kwa urahisi. Dawa ipo ndani ya RPG Maker yenyewe: wakati wa kutoa gemu kuna chaguo la kuondoa mafaili yasiyotumika. Aliweke, kisha acheze gemu yote tena, maana chaguo hilo wakati mwingine huondoa hata picha inayoitwa na programu-jalizi (kipande cha programu kinachoongezwa kwenye gemu), na mchezaji anakutana na kosa katikati ya safari. Baada ya hapo atazame muziki, kwani mara nyingi uzito uko huko. Wimbo wa ubora wa studio hausikiki tofauti kwenye spika ya simu.

Kama gemu ni ya RPG Maker 2000 au 2003, kuna EasyRPG Player, programu huria inayozicheza hata kwenye Android. Za XP, VX na VX Ace huchezwa kwenye Android kwa JoiPlay. Ukiegemea njia hizi, andika maelezo mafupi ya kuweka, hatua kwa hatua, na umpe mtu asiyejua kompyuta ayafuate mbele yako. Akishindwa, maelezo ndiyo yana kasoro.

Halafu kuna suala la kusevu. Umeme unakatika, simu inazima, mtu anashuka kwenye teksi kabla hajafika mahali pa kuhifadhi. MZ ina uwezo wa kusevu yenyewe, ukiwashwa. MV haina mpaka iongezewe programu-jalizi. Mwombe mwenye gemu aweke sehemu nyingi za kusevu, hasa saa ya kwanza. Na uwaambie wachezaji wa kivinjari kwamba wakifuta data za kivinjari, safari yao inafutika nayo. Mchezaji aliyepoteza saa mbili za kucheza hatoi nafasi ya pili.

Hatua ya nne: kaa nyuma ya mchezaji, ukae kimya

Mtafute mtu mmoja ambaye si mpenzi wa RPG. Mpe simu. Mwambie, "Cheza, mimi sisemi kitu," na kweli usiseme. Tazama kidole chake.

Utaona mambo ambayo mtengenezaji hawezi kuyaona. Katika gemu moja niliyoisaidia, mhusika anaamka chumbani na njia ya kutokea ni kipande cha zulia jeusi chini kabisa ya ramani. Aliyekulia kwenye RPG anajua zulia la namna hiyo ni mlango. Asiyejua anaona zulia. Binti mmoja niliyempa simu aligusa kitanda, akagusa kabati, akagusa dirisha, akarudi kwenye kitanda. Uso ulikuwa unamkunjamana. Akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa nimefungiwa?" Gemu nzuri, yenye hadithi ya saa nne, ilikuwa inawapoteza watu ndani ya chumba cha kwanza. Mwenye gemu aliweka mwanga kidogo juu ya zulia na mshale mdogo, kazi ya dakika chache, na wachezaji waliofuata wakatoka chumbani.

Angalia pia kama anasoma mazungumzo au anayagonga tu yapite. Akigonga mfululizo, utangulizi ni mrefu mno. Angalia pambano la kwanza linakuja baada ya muda gani, na kama linakuja kabla ya mahali pa kusevu. Angalia uso wake kila anapokufa. Andika saa na dakika.

Rudia na watu wengine wachache, kisha umpelekee mwenye gemu mambo matatu tu, yale ambayo zaidi ya mmoja walikwama hapo. Ukimpelekea thelathini, atakata tamaa na hatagusa hata moja. Anza na lililowafurahisha, si kwa kumpaka mafuta, ila kwa sababu anahitaji kujua kisichopaswa kuguswa.

Hatua ya tano: andika upya ukurasa wake

Maelezo ya gemu nyingi za wasio na kampuni yanafanana kiasi kwamba ukiyabadilishana hakuna atakayegundua. Tuseme gemu inahusu mvuvi wa visiwa vya Ssese. Mwenyewe ameandika hivi:

"RPG ya kusisimua yenye ulimwengu mpana, wahusika wa kuvutia, mapambano ya zamu na siri nyingi za kugundua!"

Hapo hakuna gemu. Sasa jaribu hivi:

"Wewe ni Nakato, mvuvi wa Kalangala. Ziwa limeanza kurudisha vitu vilivyozama zamani, na asubuhi ya leo limerudisha mtumbwi wa baba yako, kamba ikiwa bado imefungwa. Inamalizika kwa saa tatu. Inachezwa kwenye simu bila kupakua. Unasevu kila penye taa."

Msomaji ameshajua yeye ni nani, kuna tatizo gani, itamchukua muda gani, na kama simu yake inafaa. Sentensi ya urefu wa gemu usiifiche kwa kuona aibu. Watu wazima wenye kazi wanaitafuta gemu ya saa tatu.

Kwa picha, acha ile ya jina la gemu na menyu. Weka picha ya mahali pasipofanana na ramani za kawaida za RPG Maker, picha ya pambano, na picha ya mazungumzo yenye ule mstari ulioandika kwenye daftari. Wapenzi wa RPG wanazitambua sura za kawaida za RPG Maker kwa mbali, na wengi huondoka wakiziona kwanza. Kama kuna chochote kilichochorwa na mwenye gemu kwa mkono wake, hicho ndicho kikae mbele, hata kama kimechorwa vibaya kidogo. Picha ya jalada kwenye itch.io inapendeza kwa ukubwa wa 630 kwa 500, na jina lisomeke hata ikipunguzwa kuwa kama stempu ya posta.

Lebo ziwe chache na za kweli: chombo kilichotumika, aina ya gemu, hisia yake. Na kwenye sehemu ya lugha, kama ina Kiswahili, hakikisha Kiswahili kimewekwa.

Hatua ya sita: itafsiri kwa Kiswahili

Sisemi hivi kwa uzalendo peke yake. Gemu ya Kiingereza inashindana na maelfu. Gemu ya RPG iliyoandikwa kwa Kiswahili ina washindani wachache sana, na ina wasomaji kuanzia Kampala na Busia mpaka Nairobi, Dar es Salaam, Goma na Bujumbura. Hapa Uganda baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, shule zinakifundisha, na vijana wanaojifunza wanakosa vitu vya kusoma vyenye msisimko. RPG ni maelfu ya maneno ya mazungumzo ambayo mtu anayasoma kwa hiari yake. Mwalimu gani asingetaka hilo?

Katika MV na MZ karibu maneno yote yamo kwenye mafaili ya maandishi ya JSON ndani ya folda ya data: kila ramani ina faili lake, na menyu zina lao. Fanya nakala ya folda nzima kwanza. Anza na menyu, maana ndizo zinazoonekana kila dakika: Anza Upya, Endelea, Shambulia, Jikinge, Toroka, Mkoba, Sevu. Sevu inaeleweka kuliko "Hifadhi" kwa vijana wengi, na sioni sababu ya kuwasumbua.

Kisha mazungumzo. Hapa kuna jambo la kiufundi linalowaangusha watu: kisanduku cha mazungumzo cha MV kina mistari minne, na maneno hayajikunji yenyewe yakifika ukingoni, yanakatika. Kiswahili kina maneno marefu. Neno moja tu kama "hawakutufahamisha" linakula nafasi kubwa ya mstari. Vunja sentensi, au mwombe mwenye gemu aweke programu-jalizi ya kukunja maneno.

Zaidi ya ufundi, chagua Kiswahili cha nani. Mchezaji wa Uganda hakui na Kiswahili cha Unguja, na Kiswahili cha mafumbo mazito kitamchosha. Andika wazi. Wahusika wasizungumze sawa: bibi wa kijijini amwite shujaa "mjukuu wangu," mwanajeshi atoe amri fupi, kijana wa mjini achanganye kidogo. Mpe msomaji wa Busia na msomaji wa Arua wapitie kabla hujatoa. Watakuonyesha maneno ambayo hawajawahi kuyasikia, na mengi ya hayo yana mwenzake mwepesi.

Ukishamaliza, tarehe ya kutoa inajichagua: 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani. Siku hiyo vyuo na shule zinatafuta vitu vya kuonyesha. Mwandikie mlezi wa klabu ya Kiswahili mapema, angalau mwezi mmoja kabla, umpe njia ya kuijaribu mwenyewe.

Hatua ya saba: watu hamsini wa mwanzo

Anza na unaowajua kwa majina. Ujumbe wa kusambazwa kwa wote unasomwa na wachache. Ujumbe wa mtu mmoja kwa mtu mmoja unajibiwa. Mimi huandika hivi:

"Kaka, habari za siku nyingi. Kuna gemu nimeimaliza, nikakukumbuka kwa sababu ulipenda hadithi za ziwani alizokuwa anatusimulia mzee. Inafunguka kwenye simu, huhitaji kupakua. Cheza mpaka utoke kwenye kisiwa cha kwanza, ni kama dakika ishirini, kisha uniambie ulimwamini yule mzee wa taa au hukumwamini."

Swali la mwisho lina kazi. Linampa kitu cha kufikiria akicheza, na linampa sababu ya kukurudia. "Niambie unaionaje" halina kazi, utajibiwa "iko poa" na mazungumzo yataishia hapo.

Wanaojibu kwa moyo waweke kwenye kikundi kimoja cha WhatsApp. Kidogo. Waache wabishane juu ya mwisho wa hadithi, na umkaribishe mwenye gemu aingie akitaka. Kikundi hiki kina faida nyingine: gemu ikitaka kwenda Google Play, akaunti mpya ya mtu binafsi, ambayo hulipiwa dola 25 mara moja, inatakiwa kwanza kuonyesha wajaribu 12 waliokaa na programu kwa siku 14 mfululizo. Watengenezaji wengi wanaokwama hapo hawana watu hao. Wewe unao.

Usijenge kazi yako juu ya Facebook. Ilifungiwa Uganda Januari 2021, na kumwomba mtu awashe VPN ili aione gemu ni kumwongezea mlima. WhatsApp, TikTok, YouTube na X zitakufikisha.

Nje ya mtandao tuna njia ambazo wenzetu wa nchi nyingi hawana. Ya kwanza ni laibrari, vile vibanda vya kujaziwa filamu kwenye flashi. Kama mwenye gemu ameruhusu faili lisambazwe, mpelekee mwenye laibrari toleo la Windows, ukae naye acheze kidogo, umwandikie kikaratasi cha kubandika ukutani. Anajua wateja wake: ni nani anachukua katuni za Kijapani, na hao ndio mnaowatafuta, maana aliyezoea anime ameshazoea hadithi ndefu.

Ya pili ni VJ. Tuna watu ambao kazi yao ni kuisimulia filamu ya kigeni kwa Kiganda ikawa yetu, kwa vichekesho, majina ya mitaa ya Kampala, na maoni juu ya kila mhusika. Mtu wa namna hiyo akiisimulia dakika kumi za RPG, akampa adui jina, akamshangilia shujaa kwenye pambano la zamu, utapata video ambayo hakuna mahali pengine duniani itatengenezwa. Si lazima awe mwenye jina kubwa. Wapo chipukizi wenye kipaji wanaotafuta cha kusimulia. Mlipe, mtaje jina kwenye video, na mchague sehemu yenye matukio, si utangulizi.

Kumbi za PlayStation ninaziacha. Wanaolipia dakika za mpira hawajaenda pale kusoma.

Hatua ya nane: nje ya mipaka

Ukishapata walioimaliza na kasoro kubwa zimerekebishwa, ndipo utoke. Kabla ya hapo utakuwa unawaonyesha wageni nyumba isiyo na paa.

Mashindano ya kutengeneza gemu kwenye itch.io ni mlango mzuri kwa sababu kila mshiriki hucheza gemu za wenzake na kuwaandikia maoni. Mwombe mwenye gemu atengeneze kitu kidogo cha ulimwengu uleule, sura moja ya mhusika wa pembeni, aingie nacho, na ukurasa wake uelekeze kwenye gemu kubwa. Demo, yaani kipande cha kujaribia, pia husaidia: Undertale ilikuwa na demo mwaka 2013, miaka miwili kabla ya gemu yenyewe kutoka, na walioipenda demo walikuwa wameshakaa tayari wanasubiri.

Kwa wanaorekodi gemu YouTube, waandikie wale wadogo wanaocheza gemu za RPG Maker kila wiki. Barua iwe fupi: sentensi mbili za gemu, urefu wake, kiungo, sehemu ya kuanzia kama hawana muda, na ruhusa ya kurekodi. Ukimwona mtu amesifu gemu inayofanana na hii, mtajie hiyo.

Je, utaje Uganda? Ndiyo, bila kusita, lakini gemu itangulie. Lual Mayen, aliyekulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda na kujifunza mwenyewe kutengeneza gemu kwenye kompyuta ndogo aliyonunuliwa na mama yake baada ya kuweka akiba miaka mitatu, alitambuliwa kwenye The Game Awards mwaka 2018, na kisa chake kiligusa dunia. Kiro'o Games ya Kameruni ilitoa Aurion mwaka 2016 ikiwa na hadithi iliyochimbwa Afrika, na huo ndio uliokuwa mvuto wake. Uganda iwe ndani ya gemu: katika majina, chakula kinachorudisha nguvu, mungu wa ziwa, bodaboda. Ukiuza huruma peke yake, utapata makala moja na hutapata wachezaji.

Steam inatoza dola 100 kwa kila gemu. Isubiri. Kwa gemu ya bure isiyo na watu bado, pesa hiyo ni afadhali imlipe mchoraji wa jalada au VJ.

Hatua ya tisa: usiiache baada ya mwezi

RPG hutembea taratibu. Panga kitu kimoja kila baada ya wiki chache: picha ya mhusika, swali kwa waliomaliza, kipande cha video, tangazo la marekebisho. Kila toleo jipya likitoka, jaribu kulifungua kwa sevu ya zamani kabla halijatangazwa, maana ramani ikibadilishwa, mchezaji anayerudi anaweza kujikuta amesimama ndani ya ukuta. Sevu za zamani zikikataa, lisemwe kwenye mstari wa kwanza wa tangazo.

Maoni ya wachezaji yakusanye kwa maneno yao wenyewe, umpelekee mwenye gemu mara moja kwa mwezi, mazuri na mabaya. Mabaya yatenganishe: yanayorekebishika leo, yanayohitaji gemu mpya, na yale ya mtu ambaye gemu hii haikuwa yake tangu mwanzo. Hayo ya mwisho usimpelekee. Ukisoma maoni ya mtu ambaye hajaandika chochote tena tangu afike katikati, mwandikie umuulize aliishia wapi. Mara nyingi atakutajia mlango uleule ambao mwingine alikutajia wiki iliyopita, nawe utajua cha kumwomba mwenye gemu kwenye toleo lijalo.